Watoto Walioshindikana: Nia Njema Peke Yake Haitoshi

Yapo mambo machache yanayowaumiza wazazi kama mtoto aliyeshindikana. Hapa hatuzungumzii utundu wa kawaida. Tunamzungumzia mtoto ambaye kwa miezi mingi anapiga wenzake, anatesa wanyama, anaiba, anaharibu mali, anatoroka shule na kulala nje. Tabia hizo zikijirudia kwa mwaka mzima, wataalamu wa afya ya akili huziita tatizo la mwenendo, nalo huhitaji tiba kama matatizo mengine ya afya.

Kamati za parokia huombwa kusaidia watoto hawa, na wafadhili huombwa kuchangia makambi, semina na walezi. Kabla ya fedha kutoka, tujiulize: tutajuaje kama msaada huo unasaidia kweli?

Jaribio la tiba ni nini?

Njia ya kuaminika zaidi ni jaribio la tiba. Watoto wenye shida zinazofanana hugawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja hupata huduma mpya. La pili hupata huduma ya kawaida, au husubiri zamu yake. Baada ya muda makundi yote hupimwa kwa kipimo kimoja.

Kura ina sababu yake. Bila kura tungechagua familia zilizo tayari kuitika, na huenda hizo zingepata nafuu hata bila sisi. Aidha, watoto wengi hubadilika kadiri wanavyokua. Pasipo kundi la kulinganisha, tutaupa mradi wetu sifa isiyo yake.

Funzo kutoka Marekani

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, ulianza mradi uliobuniwa na daktari Richard Cabot. Wavulana 506, wengine wakorofi na wengine wa kawaida, waligawanywa kwa kura. Nusu yao walipewa walezi waliowatembelea nyumbani, wakasaidiwa masomo na matibabu, na wengi wakapelekwa makambini wakati wa likizo. Huduma ilikoma mwaka 1945.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wavulana hao, sasa watu wazima. Wengi waliohudumiwa walisema mradi uliwafaa. Lakini matokeo aliyoyachapisha mwaka 1978 yalionyesha kinyume. Ikilinganishwa na wasiohudumiwa, waliohudumiwa walirudia uhalifu zaidi, walionyesha dalili nyingi zaidi za ulevi, na waliofariki walifariki wakiwa na umri mdogo zaidi. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba walioathirika hasa ni wale waliopelekwa makambini zaidi ya mara moja. Inaelekea vijana wenye shida walipokusanywa pamoja walifundishana ukorofi.

Mfano wa pili ni mpango wa kuwapeleka vijana katika gereza la Rahway, New Jersey, ili wafungwa wawatishe waache maovu. Filamu iliyoonyesha mpango huo mwaka 1978 ilisifiwa sana, na sehemu nyingine ziliuiga. James Finckenauer alipoupima kwa vijana 81, alikuta kwamba takriban 41 kati ya kila 100 waliopelekwa gerezani walifanya makosa mapya katika miezi 6 iliyofuata. Kwa wasiopelekwa ilikuwa 11 tu kati ya kila 100. Mwaka 2002 wachambuzi walikusanya majaribio 9 ya aina hiyo, wakahitimisha kwamba ni afadhali kutofanya lolote kuliko kuwatisha vijana namna hiyo.

Yapi yanasaidia?

Majaribio mengi yanaonyesha kwamba njia yenye matumaini, hasa kwa watoto wadogo, ni kuwafundisha wazazi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Huko Wales, familia 153 zenye watoto wa miaka 3 na 4 walioanza kuonyesha dalili ziligawanywa kwa kura. Wazazi walifundishwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12: kucheza na mtoto, kumsifu anapofanya vema, kuweka amri chache zinazoeleweka na kuzisimamia bila kipigo. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kuwa watoto hao walitulia kuliko wale ambao wazazi wao walikuwa wakisubiri zamu.

Kwa vijana wakubwa kazi ni ngumu zaidi. Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, familia 552 kutoka vijiji na vitongoji 40 zilishiriki jaribio ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2018. Kura ilipigwa kwa kijiji au kitongoji kizima. Wazazi waliofundishwa pamoja na watoto wao walipunguza kipigo, na vijana walipunguza pombe na dawa za kulevya. Hata hivyo, ukorofi wenyewe haukupungua kwa kiwango kilichoonekana. Watafiti waliandika yote mawili, na huo ndio uaminifu tunaopaswa kuutaka kwa kila anayeomba fedha.

Kamati na wafadhili waulize nini?

1. Je, mpango huu umewahi kupimwa kwa kulinganisha makundi mawili? Ulileta matokeo gani?
2. Je, unawakusanya vijana wenye shida mahali pamoja? Nani atakuwa nao, na kwa muda gani?
3. Je, wazazi wanahusishwa, au mtoto anachukuliwa peke yake?
4. Ikiwa ni utafiti, je, kamati ya maadili imeuidhinisha, mzazi ameridhia, na mtoto mwenyewe ameulizwa? Je, wanaweza kujitoa bila kunyimwa huduma?
5. Nani atafuatilia watoto baada ya mwaka mmoja, na madhara yakijitokeza yataripotiwa wapi?

Shukrani za washiriki ni jambo jema, lakini hata wale wa Massachusetts walishukuru. Fedha zikiwa hazitoshi kwa familia zote, gawanyeni zamu kwa kura, pimeni makundi yote mawili, kisha wanaosubiri nao wahudumiwe iwapo huduma imeonekana kufaa. Hapo hakuna atakayependelewa, na parokia itajua kama imesaidia.