Asali, ndimu na kijiti: jinsi ya kuchanganya "dawa" nyumbani

Asali ya misitu ya Katavi inauzwa hadi Dar es Salaam. Wengi wetu tunaitumia kwenye chai, au kwa kikohozi. Huko Nairobi, mgahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980, umeipa asali kazi nyingine. Una kinywaji kinachoitwa "dawa": vodka, vipande vya ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichochovywa kwenye asali. Chimbuko lake ni kinywaji cha Brazili cha pombe ya miwa, ndimu na sukari. Jina lisikudanganye, hakitibu kitu.

Ukiwa Mwese unaweza kukijaribu bila pombe kwanza. Mimi naona hivyo ndivyo kilivyo kitamu zaidi. Asali haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi, hukaa chini ya glasi. Chukua vijiko viwili vya asali, koroga kwenye nusu kikombe cha maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, kisha acha yapoe. Kamulia ndimu moja, ongeza tangawizi iliyopondwa, jaza maji ya mtungini. Mtungi wa udongo hutoa jasho, na jasho likikauka maji ya ndani hupoa. Huna haja ya friji.

Onja. Kikiwa kikali, ongeza asali kidogo kidogo. Kikiwa kitamu kupita kiasi, ongeza ndimu, si maji. Asali nyeusi ina ladha nzito na hufunika tangawizi, kwa hiyo jaribu pia ile nyepesi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Anayetaka kutia pombe apime, asimimine kwa macho. Konyagi ina alkoholi asilimia 35. Vijiko viwili vya chakula ni kama mililita 30, navyo vina alkoholi inayokaribia nusu ya bia moja ya mililita 500. Shida ni kwamba asali na ndimu huficha ukali, na mtu hufika glasi ya nne akidhani anakunywa juisi. Mjamzito, dereva wa bodaboda aliye kazini na aliye chini ya miaka 18 wanywe ile isiyo na pombe.

Gongo usiichanganye humu. Mbali na kuwa haramu kisheria, pombe isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa na methanoli, ambayo huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha, na ndimu haiiondoi. Mei 2014 nchini Kenya, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 80, Embu na Kitui yakiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Dalili huweza kuchelewa hadi siku ya pili: tumbo kuuma, kutapika, macho kuona ukungu. Mtu wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya mara moja, na chupa aliyonywea ibebwe.