PANYA, BUNDI NA GHALA LA MKULIMA

Mkulima wa Kaengesa, kama wenzake wote wa Ufipa, hutoa jasho katika mahindi, maharage na ulezi, kisha hugawana mavuno na mlaji asiyeshika jembe: panya. Adui huyu hudharauliwa kwa udogo wake. Lakini asiyemjua adui hamshindi, na leo twapenda kueleza yaliyogunduliwa ndani ya kichwa cha panya.

Mwaka 1971, huko London, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walieleza kuwa ubongo wa panya una chembe ambazo kila moja huamka panya afikapo mahali fulani. Kwa chembe hizo panya huwa na ramani ya makao yake. Mwaka 1976 O'Keefe alieleza pia chembe zinazoamka panya anapokuta kitu kipya mahali alipopazoea, au anapokosa alichokitazamia. Ugunduzi wa ramani hiyo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2014, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway.

Hatari nayo ina njia zake. Harufu ya paka ikimfikia panya, hata aliyezaliwa maabara asiyewahi kumwona paka, huamka chembe za sehemu za ubongo ziitwazo amigdala na hipothalamasi. Panya huganda, au hukimbia kujificha. Hofu hiyo hakufundishwa, amezaliwa nayo.

Elimu hii yamfaa nini mkulima? Kwanza, panya wa darini ana hadhari kubwa na kitu kigeni. Mtego uliowekwa leo aweza kuuepuka siku kadhaa. Basi uwekwe na chambo bila kutegwa mpaka auzoee, ndipo utegwe.

Pili, panya hula kwa utulivu penye maficho. Nyasi na vichaka vinavyozunguka ghala na shamba ni ngao yake. Vikifyekwa, hofu yake yenyewe humpunguzia muda wa kula.

Tatu, tumwache bundi. Wengi wetu tumekuzwa tukiambiwa kwamba bundi ni mjumbe wa wachawi, na akilia juu ya paa hupigwa mawe. Ilhali huyo ni mlinzi wa usiku asiyedai mshahara. Katika mashamba ya mahindi huko Morogoro, watafiti waliwazuia ndege wawindaji kwa nyavu sehemu moja, na sehemu nyingine wakawavutia kwa nguzo za kutulia na masanduku ya viota. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kuwa wasipokuwapo wawindaji, panya shamba huongezeka upesi na kufikia idadi kubwa zaidi.

Hatusemi kwamba bundi peke yake atamaliza panya. Panya shamba aweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mzao mmoja, na hakuna ndege awezaye kushindana na uzazi huo peke yake. Lakini anayemuua bundi humwondolea panya hofu, na anayetupa sumu ovyo humuua bundi kwa panya aliyekula sumu hiyo.

Maafisa ugani, walimu na viongozi wa vijiji hawana budi kuyafikisha haya mikutanoni kabla ya mavuno. Chakula kilichokwisha kulimwa kisiliwe na panya kwa sababu ya uvivu wa kufyeka na hofu ya uchawi.