Sampuli ni Amana: Jinsi Korona Ilivyofuatwa Nyayo Kutoka Mombasa Hadi Durban

Tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ya 1441 ikiwa imefika katikati, Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuingia na kutoka katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi. Amri hiyo ilitangazwa kwa siku 15, kisha ikarefushwa hadi Juni. Sababu iliyotolewa ilikuwa kasi ya maambukizi ya virusi vya korona katika mitaa hiyo miwili. Lakini palikuwa na jambo jingine nyuma yake, ambalo sisi watu wa mwambao tunalikumbuka vyema: wahudumu wa afya walikuja kupima, na waliojitokeza wakawa wachache.

Yalisemwa mengi juu ya wakazi hao. Waliitwa wakaidi, wakaitwa wajinga, na wako waliothubutu kuihusisha hali hiyo na dini yao. Kwa maoni yetu hukumu ile haikuwa ya haki. Siku zile, mtu aliyepatikana na virusi alitengwa, na waliokaribiana naye walipelekwa karantini; na katika wiki za mwanzo gharama za kukaa huko zilikuwa juu ya mabega yao wenyewe. Mchukuzi wa bandarini anayekula alichokichuma siku ile ile, au mama anayeuza mahamri alfajiri, hakuhitaji kusoma chuo kikuu ili apige hesabu: kujua kutamgharimu, kutojua ni bure. Kulikuwa pia na hofu ya jirani kukunyooshea kidole, na hofu ya kuzikwa harakaharaka mbele ya watu wachache, bila ya kuoshwa na jamaa zako. Serikali nayo hatimaye iliutambua uzito wa hesabu hiyo, ikatangaza kuwa itabeba gharama za waliowekwa katika vituo vya umma.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu habari za kupima na kusoma vinasaba huelezwa kana kwamba ni habari za mashine tu. Mashine zina ajabu yake, nasi tutazieleza. Lakini hakuna mashine inayoweza kusoma sampuli ambayo mwenyewe amekataa kuitoa.

Tuanze na kipimo. Kile kijiti kilichoingizwa puani, ambacho wengi wetu tulikitolea machozi, huchukua ute ambao ndani yake huenda mna chembe chache mno za kirusi, tena ndogo kiasi kwamba hakuna darubini ya kawaida itakayoziona. Kipimo kiitwacho PCR hukitafuta kipande maalumu cha vinasaba vya kirusi, kisha hukirudufu kwa kupasha joto na kupoza, tena na tena. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu: moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Ikifika mizunguko 30, nakala moja imekwisha kuwa zaidi ya bilioni moja. Hapo mashine huweza kuona nuru yake na kusema: yupo.

Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kutengenezwa mpaka ijulikane kinatafuta nini. Ndiyo maana Januari 2020 ni mwezi wa kukumbukwa. Tarehe 11 ya mwezi huo, kwa saa za China, jenomu ya kirusi hiki, yaani maandishi yake yote ya urithi, iliwekwa wazi kwa ulimwengu mzima kutokana na kazi ya Profesa Zhang Yongzhen wa Shanghai, akisaidiwa na Edward Holmes wa Sydney. Ni maandishi ya herufi 30,000 hivi. Katika siku chache tu, wataalamu wa Berlin chini ya Christian Drosten walikuwa wamekwisha kutunga kipimo, na Shirika la Afya Duniani likakieneza.

Basi kupima hukuambia kwamba kirusi kipo. Kusoma jenomu hukuambia kimetoka kwa nani. Hapa tunaomba msomaji avute picha ya wanakili wa zamani wa Lamu, Pate na Siyu, waliokuwa wakinakili vitabu kwa kalamu ya tete. Mnakili mmoja huacha neno moja. Anayenakili kutoka kwake huliacha neno lile lile na kuongeza kosa lake mwenyewe. Baada ya miaka mia, mtu akizikusanya nakala zote na kuyalinganisha makosa yao, anaweza kusema hii ni mtoto wa ile, na hizi mbili ni ndugu. Kirusi nacho hujinakili, na katika kujinakili hukosea. Korona ya mwaka ule wa kwanza ilikuwa ikibadilika kwa wastani wa herufi mbili hivi kwa mwezi. Mtaalamu akiwa na sampuli za kutosha, zenye tarehe na mahali zilipochukuliwa, huweza kuuchora mti wa nasaba.

Mti huo kwa mwambao wa Kenya ulichorwa Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kwa mashine ambazo baadhi yake hazizidi ukubwa wa simu ya mkononi. Watafiti walisoma jenomu 1,139 kutoka kaunti sita, Mombasa, Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Tana River na Lamu, za sampuli zilizochukuliwa kati ya Machi 2020 na Februari 2021. Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Kirusi hakikuingia mwambao mara moja na mtu mmoja. Watafiti walikadiria kwamba kiliingizwa mara 280. Mombasa ndiyo iliyokuwa lango kuu, na mengi ya maingizo hayo yalitokea katika wimbi la kwanza, wakati ambapo makatazo mengi ya Serikali yalikuwa bado yanafanya kazi. Katika wimbi la pili mambo yaligeuka: kirusi kikawa kinahama zaidi kutoka kaunti hadi kaunti, na koo zake za hapa hapa nyumbani zikazaliwa.

Mwenye kuyazingatia hayo hawezi tena kusema kwamba mtaa fulani ndio ulioleta maradhi. Maingizo 280 hayana mtaa. Masikitiko yetu ni kwamba picha hiyo kamili ilichapishwa wakati mawimbi yenyewe yamekwisha kupita. Elimu iliyokuja kwa kuchelewa ni elimu bado, lakini haikumfaa aliyetukanwa mwaka 2020.

Kuficha nako kuna mipaka yake. Tanzania ilitoa hesabu zake mwaka 2020, wagonjwa 509, kisha kwa zaidi ya mwaka haikutoa nyingine. Hata hivyo maabara zilisoma sampuli zilizochukuliwa Februari 2021 kwa wasafiri watatu waliofika Angola kutoka Tanzania, zikakuta ukoo wa kirusi wenye mabadiliko mengi mno. Daftari lilifungwa, na wasafiri wakasomwa ugenini.

Sasa twende kusini. Novemba 2021, maabara za Gauteng, Afrika Kusini, ziliona jambo la ajabu katika kipimo cha PCR kinachotafuta alama tatu za kirusi: mbili zilikuwa zikionekana, ya tatu haionekani. Sampuli hizo zilisomwa jenomu, na huko Botswana pia maabara ilikuwa imekwisha kukutana na maandishi hayo hayo mapya. Profesa Tulio de Oliveira, ambaye mwaka uliotangulia aliongoza kituo cha Durban kilichotambua aina ya Beta, alisimama pamoja na wenzake mbele ya ulimwengu tarehe 25 Novemba na kueleza walichokiona. Siku iliyofuata Shirika la Afya Duniani liliiita Omicron.

Malipo yao yalikuwa nini? Uingereza ilizuia ndege za nchi sita za kusini mwa Afrika siku iyo hiyo. Marekani ikazifungia nchi nane. Viwanja vikabaki na abiria waliokwama, na wanasayansi wa Afrika Kusini wakalalamika kwamba hata kemikali za kusomea jenomu huja kwa ndege hizo hizo. Siku chache baadaye Uholanzi ikatangaza kuwa imezipima upya sampuli zake za tarehe 19 na 23 Novemba, na Omicron ilikuwemo. Yaani ilikuwa imekwisha kuingia Ulaya kabla Afrika Kusini haijafungua kinywa. Katikati ya Desemba Uingereza iliziondoa nchi zote katika orodha yake, na Marekani ikafuata mwisho wa mwezi.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona kwa nini tumeviweka visa hivi viwili pamoja. Mchukuzi wa Mji wa Kale na taifa la Afrika Kusini walikabiliwa na hesabu moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja alinyamaza na mwingine akasema, na yule aliyesema akaadhibiwa kuliko aliyenyamaza. Dunia inayotaka kuonywa mapema haiwezi kumtoza faini mtoa onyo.

Kwa upande wetu, sisi tunaoshughulika na kamati za misikiti, tunaona kuna mambo ya kuulizwa mapema, kabla mlipuko haujabisha hodi. Anayetengwa atalishwa na nani, na watoto wake je? Majibu yake atayajua nani zaidi yake na daktari? Akifa, jamaa zake watapewa mafunzo na mavazi ya kumwosha? Haya si maswali ya kuwasumbua wataalamu. Ndiyo yatakayoamua kama foleni ya kupimwa itakuwa na watu.

Wala si maswali ya zamani. Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini. Alikuwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda kwa kupitia Kenya, na aligunduliwa kwenye mpaka wa Taveta, katika kaunti mojawapo ya zile sita za Kilifi. Tangazo lilitaja mpaka na safari yake. Jina lake halikutajwa.