NANI WA KULAUMIWA: KAMPUNI AU SISI WANUNUZI?

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Walinena juu ya vyombo vya baharini, lakini mimi nikiona chupa za plastiki zikielea mtaroni hapa Ngong, methali hiyo hunijia. Je, alaumiwe aliyeziunda au aliyezitupa?

Nianze na kisa cha nyumbani. Mwaka wa 2016, nikiwa darasa la kwanza, ng'ombe wetu wa maziwa aliacha kula. Alikonda, ila tumbo lilikuwa limefura. Alipokufa baba alimpasua, akatoa donge la mifuko ya plastiki kubwa kuliko mpira wetu wa kandanda. Kumbe ng'ombe huvutiwa na mabaki ya chakula yaliyo mfukoni, akaumeza mfuko wenyewe. Plastiki haisagiki tumboni wala haitoki. Mnyama hujihisi ameshiba, kumbe anakufa njaa.

Mama alilia, maana karo ya kaka ilitoka kwa maziwa yale. Ndipo nyanya akauliza, "Na sukari yetu huja na nini?" Hakuna aliyejibu. Ilikuja na mifuko ile ile.

Wengine watasema basi kosa ni la mnunuzi, kwani kampuni haikuutupa mfuko. Mimi nakataa. Tuliambiwa tusitupe taka miaka na mikaka, na bado upepo ulitundika mifuko kwenye migunga na nyua. Dukani mfuko ulitolewa bure, hata hukuulizwa. Lakini tarehe 28 Agosti 2017, serikali ilipiga marufuku kuitengeneza, kuiingiza nchini na kuitumia. Faini ni shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Punde si punde watu wakashika vikapu. Hiyo yaonyesha kwamba taka huzuiwa vizuri zaidi pale inapotengenezwa.

Tena sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka wa 2022 inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumiwa. Chupa ikiwa na jina la kampuni, basi kampuni iifuate.

Hata hivyo, tusijitoe. Mifuko ingali inaingizwa kwa magendo, na magendo hayaendi bila wateja. Kwa maoni yangu, kampuni ibebe gunia, nasi tubebe kikapu. Nyanya haendi sokoni bila kiondo chake. Siku hizi mimi pia nina changu, na sioni haya.