Gemu Inakwama? Pima Joto Kabla ya Kununua RAM

"Fundi, gemu inakwama, niongezee RAM." Hilo ni ombi la kila siku kwa mafundi kompyuta wa Mwanakwerekwe, na mara nyingi mteja huondoka na RAM mpya huku gemu ikiendelea kukwama vilevile. Gemu za kuvaa uhusika, zile RPG za dunia pana ambamo mchezaji huzurura kwa saa nyingi, huibana kompyuta sehemu kadhaa kwa wakati mmoja: prosesa, kadi ya michoro, diski, RAM. Pesa ikitoka kabla ya kujua ni wapi palipobana, imepotea. Na kwa hapa Unguja, mimi humwambia kila mtu aanze na joto.

Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi au karibu na hapo. Zikifika huko hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Sasa fikiria miezi ya kaskazi, chumba cha bati chenye dirisha moja, joto la nyuzi 32 hata kabla mashine haijawashwa. Feni inavuta hewa ambayo tayari ina moto. Dalili yake haifichiki: gemu inakwenda vizuri dakika kumi au kumi na tano za mwanzo, kisha inaanza kugandaganda, ukizima mashine ikapoa, inarudi hali nzuri.

Ukiiona dalili hiyo, mwambie fundi afungue mfuniko wa chini. Pale feni inapokutana na mapezi membamba ya kutolea moto, mara nyingi atakuta tabaka la vumbi lililoshikana hadi linabanduka zima kwa kibano. Unyevu wa bahari ndio unaoligandisha. Kupuliza kutokea nje bila kufungua husukuma vumbi lirudi ndani kwenye feni, kwa hiyo lisafishwe kwa brashi huku feni imeshikwa isizunguke. Kisha ibadilishwe pesti, ule uji mzito wa kijivu unaokaa kati ya prosesa na bamba la shaba. Katika mashine ya miaka mitano au sita pesti huwa imekauka na kupasuka, na moto haupiti tena. Kazi hii peke yake huweza kushusha joto kwa nyuzi 10 au zaidi, na gharama yake ni ndogo kuliko kipande chochote utakachouziwa dukani. Ukirudi nyumbani, usicheze laptopu ikiwa juu ya godoro. Iweke mezani, inyanyue kwa nyuma, hewa ipate njia.

Jambo la pili halitajwi kabisa: chaji. Laptopu nyingi za mtumba zilizotoka maofisini huuzwa na chaji isiyokuwa yake. Baadhi ya mashine zilizotengenezewa chaji ya wati 65, ukizipa ya wati 45 au isiyotambulika, hushusha kasi ya prosesa makusudi. Betri inapokea umeme, kioo kinawaka, kila kitu kinaonekana salama, lakini gemu haiendi. Soma maandishi madogo yaliyo mgongoni mwa chaji na uyalinganishe na yaliyo chini ya laptopu.

Halafu diski. Hapa sina ubishi na mtu: kama mashine yako bado ina hadi disiki ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyozunguka, kabla ya kununua kipande kingine chochote. Hadi disiki ya laptopu husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, tena hiyo ni kwa faili moja kubwa lililopangika. SSD ya kawaida ya SATA hufika karibu 550. Gemu za dunia pana hupakia miti, nyumba na sauti huku unatembea, na diski ikichelewa, farasi wako anasimama hewani. Waundaji wenyewe wameshaacha kubembeleza: Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 inataka SSD yenye nafasi ya gigabaiti 150, na Cyberpunk 2077 nayo iliondoa hadi disiki katika masharti yake mwaka huohuo.

RAM ina faida, ila namna ya kuiweka ndiyo muhimu. Laptopu isiyo na kadi ya michoro ya peke yake huchora picha kwa kutumia RAM hiyohiyo, na kipande kimoja cha gigabaiti 8 ni daladala yenye mlango mmoja: ndani mna nafasi, lakini abiria wanashuka mmojammoja. Vipande viwili vya 4 vina ujazo uleule na njia mbili za kupitishia data. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza kama mashine yako ina nafasi mbili na kama ya pili iko wazi.

Ukishafanya yote hayo, bado kuna ukuta, na fundi mwaminifu atakuambia ulipo. Baldur's Gate 3 inahitaji kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 kwa uchache. Laptopu ya ofisini yenye michoro ya Intel HD 620 haitafika huko kwa ufundi wowote. Itacheza Skyrim ile ya 2011 kwa mipangilio ya chini, na itacheza Aurion, RPG iliyotengenezwa Kameruni na studio ya Kiro'o na kutoka 2016, gemu nzuri inayostahili kuchezwa zaidi na vijana wetu. Mwenye hamu ya The Witcher 3 na pesa kidogo, namshauri atafute kompyuta ya mezani ya mtumba na kadi kama GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Kadi hiyo huvuta wati 75 tu.

Kabla ya kununua kadi, fanya jaribio hili. Ndani ya gemu, shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta za kuchora zinapungua zaidi ya nusu. Picha ikiwa nyepesi, basi aliyelemewa ni kadi ya michoro. Punguza vivuli na ukungu kwanza, maana ndivyo vinavyokula zaidi. Isipobadilika kitu, aliyelemewa ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia. Hutokea sana ndani ya miji ya gemu, penye watu wengi wanaotembea: mji wa sehemu ya tatu ya Baldur's Gate 3 unajulikana kwa hilo. Cyberpunk ina kitufe cha kupunguza msongamano wa watu, kitumie. Na ufunge kasi kwenye fremu 30 kwa sekunde. Thelathini zisizoyumba zinapendeza machoni kuliko zinazoruka kati ya 25 na 50, na mashine haichemki.

Umeme nao usisahauliwe. Waya wa baharini wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni kule bara hadi Ras Fumba hapa Unguja uliozinduliwa 2013 umetuondoa mbali na giza la miezi 3 lililoanza Disemba 2009, lakini umeme kukatika ghafla bado kupo. Ukikatika wakati gemu inajihifadhi, faili linaweza kuharibika na safari yako yote ikapotea. Mwenye kompyuta ya mezani anunue UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika. Mwenye laptopu asicheze bila betri.

Zile programu za bure zinazojinadi kuongeza kasi kwa kubonyeza mara moja, zifute. Nyingi zinakula RAM uliyoilipia. Na siku utakapokwenda kwa fundi, mwambie akuonyeshe joto la prosesa kwenye kioo gemu ikiwa inachezwa, kabla hajakutajia bei ya kitu chochote.