Mimba isiyotarajiwa: Njia alizonazo mama kisheria

MWANAMKE anapogundua kwamba ana mimba ambayo hakuitarajia, mara nyingi huamini kuwa ana njia mbili tu: kuitoa, au kumlea mtoto peke yake katika dhiki na aibu. Njia ya tatu, ya kumkabidhi mtoto kimyakimya kwa jirani au mgeni, huonekana rahisi, ilhali ina hatari kubwa kwa kuwa haimlindi mama wala mtoto.

Kwa wakazi wa Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani na Ukunda hadi Msambweni na Lunga Lunga, ni muhimu kufahamu kwamba sheria imeweka njia nyingine, na kwamba inampa mama muda wa kufikiri.

Kwanza, mama hapaswi kubeba mzigo peke yake. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Baba akikwepa, awe mvuvi wa Gazi au mhudumu wa hoteli Diani, mama anaweza kudai matunzo katika mahakama ya watoto.

Pili, kuna jamaa. Kwa desturi ya Wadigo, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Hivyo, mtoto kulelewa na nyanya au mama mkubwa si jambo geni. Hata hivyo, makubaliano ya mdomo pekee huweza kuzua mzozo baadaye. Inafaa jamaa huyo aombe mahakama imtambue kuwa mlezi halali.

Tatu, Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaruhusu malezi ya kambo. Hapa mtoto hukaa kwa muda na familia iliyoidhinishwa, chini ya uangalizi wa Idara ya Huduma za Watoto. Mama hapotezi uhusiano wake wa kisheria na mtoto.

Njia ya nne ni kumtoa mtoto aasiliwe. Hatua hii ni nzito kwa sababu ni ya kudumu. Mahakama Kuu ikishatoa amri, mtoto huhesabiwa kana kwamba amezaliwa na wazazi wake wapya, huwa na haki ya kuwarithi, na mama mzazi hana tena mamlaka juu yake.

Ndiyo maana mpango huo hauwezi kuanza kabla mtoto hajatimiza wiki sita. Karatasi ambayo mama ametia sahihi akiwa bado mjamzito, au akiwa kitandani baada ya kujifungua, si ridhaa halali. Mtoto hutangazwa rasmi kuwa huru kuasiliwa, kisha huishi na waombaji kwa miezi mitatu mfululizo kabla kesi kuwasilishwa. Kwa kawaida, mwombaji sharti awe na umri wa miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi Kwale, lipo swali la nasaba. Dini inaruhusu, tena inahimiza, kumlea mtoto wa mwingine, lakini haikubali abadilishiwe ukoo. Sheria ya 2022 inaitambua kafala, yaani malezi kwa misingi ya Kiislamu. Mtoto hubaki na nasaba yake. Harithi kama mtoto wa kuzaliwa, ila mlezi anaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi ya mali.

Katika njia zote hizi, pesa hazina nafasi. Anayemlipa mama ili apewe mtoto anavunja sheria. Na palipo na nia ya kumnyanyasa au kumtumikisha mtoto, Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua Sh30 milioni, au zote mbili. Mgeni wa mapumzikoni anayeahidi kumpeleka mtoto Ulaya aogopwe vilevile: Novemba 2014, Serikali ilisimamisha uasili wa watoto wa Kenya na raia wa kigeni.

Mahali pa kuanzia ni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Mama anayehudhuria kliniki, kwa mfano katika hospitali ya Msambweni, anaweza kumwomba muuguzi amwelekeze kwake. Aidha, nambari ya simu 116 hupokea masuala ya watoto bila malipo.

Iwapo mjamzito mwenyewe hajafikisha miaka 18, aliyempa mimba huchunguzwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Msichana naye hafukuzwi masomoni: mwongozo wa serikali wa 2020 unamruhusu kurejea shuleni baada ya kujifungua.

Uamuzi wowote atakaofikia mama ni wake, mradi ameufanya akijua yote yaliyo mbele yake. Mtu anayemharakisha atie sahihi leo hii, kabla hata mtoto hajazaliwa, hamtakii mema.