Haragwe Puani Mwa Mtoto

Katika darasa letu la watoto wadogo kanisani tulikuwa na beseni la maharagwe makavu. Watoto walichota, wakamimina, wakahesabu. Vidole vikazoea kazi. Siku moja mtoto wa miaka miwili alitia haragwe puani, asiseme. Mama yake aligundua siku ya tatu, kwa usaha unaonuka uliotoka tundu moja tu.

Sisi wauguzi tulipaswa kujua. Haragwe hunyonya unyevu wa pua, likavimba na kukwama. Usilichokonoe kwa pini wala kutia maji. Mpeleke mtoto zahanati. Likishuka katika njia ya hewa, laweza kuua. Tena maharagwe mekundu mabichi yana sumu: punje nne au tano tu huweza kumtapisha mtu vibaya.

Sasa walio chini ya miaka 3 tunawapa vikombe, vitambaa na magunzi ya mahindi. Wakubwa huchezea nafaka mtu mzima akiwa ameketi nao, kisha beseni hufunikwa na sakafu hufagiwa.

Nawe mama, unapompeleka mwanao chekechea, uliza: nani huketi karibu na beseni?